Makonyo na Kishingo

Asubuhi ya Idd maziwa yalifurika jikoni. Mkwe wangu Zuhura alikuwa anageuza chapati huku akili yake iko ukumbini kunakochekwa, akaisahau sufuria, na ile harufu ya maziwa yanayoungulia motoni ikaingia nyumba nzima. Wenzangu wa umri wangu mnaijua, tamu kidogo, chungu kidogo, kama nywele zilizogusa kibatari. Mimi nikiisikia, mpaka leo na uzee wangu huu, vidole vyangu vinajikunja vyenyewe kama vimeshika kitu. Nitakwambieni vilishika nini.

Aliyekuwa anachekwa ukumbini ni mjukuu wangu Salha, amekuja kula Idd kutoka Unguja anakosoma. Kwanza alikataa chai ya maziwa. Tukadhani tumbo. Kisha akaliona pilau linapakuliwa, akasema yeye aletewe mkate mkavu tu.

"Sili kitu cha mnyama, Bibi," alinambia mbele ya watu wote. "Si nyama, si samaki, si yai, wala maziwa. Nao wanaumwa, nao wanaogopa. Hawakuumbwa ili tuwatumie tunavyotaka."

Jambo lenyewe lina jina lake, alinitajia, la Kizungu, ulimi wangu haukulishika. Kaka yake Hamad akamrukia: "Pemba hii huli samaki? Basi utakula mchanga wewe!" Mwengine akauliza, "Na asali je? Nyuki naye ana kesi?" Salha akasema asali pia hali, na hapo nyumba nzima ikaangua kicheko.

Zuhura, mama yake, ndiye hakucheka. Alinifuata chumbani kwangu, akarudisha mlango, akasema kwa sauti ya chini: "Mama, yule mwana hajapandwa na kitu? Hatumpeleki kwa mtu akatazamwa?"

Maneno yale, kwa sauti ile ile ya chini, niliyasikia nikiwa mtoto wa kimo cha mtungi, na aliyekuwa anasemwa ni mimi.

Nilizaliwa na kukulia Wingwi. Mambo haya yalitokea baada ya Mapinduzi, zile nyakati za shida. Mchele ulikuwa wa kupanga foleni, sukari ukiiona unaificha, na unga wa njano ndio ulokuwa chakula cha mtu na mwanawe. Watu wazima walizungumza kwa kunong'ona hata wakizungumzia mvua. Ukiingia ukumbini wananyamaza. Mimi sikujua wananyamazia nini. Nilijua tu kwamba hofu ipo nyumbani kwetu kama alivyo paka. Humwoni siku zote, lakini yumo.

Baba yangu Kombo alikuwa na ng'ombe mmoja jike, Waridi. Mwaka ule Waridi akazaa dume. Alizaliwa mwembamba, miguu myembamba, rangi yake ya udongo uliokolea, kama vile vikonyo vya karafuu vilivyoanikwa jamvini siku nyingi, nami nikamwita Makonyo. Baba alifurahi. "Huyu nikijaaliwa akikua," alisema, "nitamtoga pua, nimfunge gari, anibebee magunia. Nimechoka kuwa punda mimi."

Mama yangu, Bi Riziki, ndiye alokuwa akikama. Kazi yangu ilikuwa kumshika ndama. Wasiojua nitawaeleza. Ng'ombe wetu hawateremshi maziwa kwa mkono wa mtu hivi hivi. Lazima kwanza ndama aachiwe anyonye, mama yake amsikie, maziwa yashuke. Yakishuka tu, mtoto wa nyumba anamvuta ndama kwenye chuchu na kumzuia, na mvyele anashika kibuyu anakama. Basi kila asubuhi, baada ya kutoka jua, mimi nilikuwa namvuta Makonyo na mdomo wake umejaa povu jeupe, nambana katikati ya magoti, namshika masikio mawili kwa nguvu zangu zote. Masikio ya ndama yana joto. Alikuwa anasukuma, anasukuma, kisha anachoka, anatulia, ananitazama. Na Waridi, huku anakamwa, anageuza shingo amrambe mwanawe, na kwa kuwa tumebanana pale, ulimi wake ulikuwa unanipitia na mimi kichwani. Mkavu kama jiwe la kusugulia miguu. Alikuwa anatuchanganya. Alidhani sote ni wake.

Mama alikuwa anacheka: "Mize, leo umekwishasukwa na Waridi."

Nami nilikuwa nacheka. Sikuona baya, mpaka siku ile chuoni.

Maalim Khatib alikuwa anatusomesha juzuu chini ya kibanda cha makuti. Mtu mpole, lakini alikuwa na sauti ya kuhadithia. Siku hiyo alituhadithia Kiyama. Akasema wanyama nao watafufuliwa. Aliyepigwa pembe atamlipiza aliyempiga, wakishalipana wataambiwa kuweni udongo, na watakuwa udongo. Mimi nikanyanyua kidole.

"Maalim, na watu je? Ng'ombe atamdai mtu?"

"Ukimchinja kwa bismillahi, kwa haja yako, hana neno nawe. Lakini ukimtesa, Mize, ukimzuilia haki yake, ukamfunga na njaa, huyo atakuja akushitaki. Atakushika hapa." Akajishika sikio.

Angejishika mkono, au nguo, pengine mambo yasingekuwa. Alijishika sikio.

Nilirudi nyumbani nayaona mapembe kila kichaka. Maalim alisema Kiyama kinakuja bila hodi, nami katika akili yangu nikaelewa kwamba kiko njiani, kimeshafika Konde, bado kututeremkia sisi. Nikaanza kupiga hesabu ya madai yangu. Makonyo kwanza, ambaye nimemzuilia haki yake kila asubuhi, tena kwa masikio. Na samaki je? Samaki wanaoletwa kwa baskeli kutoka Tumbe, nani aliyewasomea bismillahi wale? Wamekufa wenyewe kwa kukosa maji, mdomo wazi. Na mayai, si tunamvizia kuku akitoka kidogo tunamwibia? Niliwakumbuka wote niliowala, kwa majina yao. Mbuzi Pepeo aliyechinjwa harusi ya Shangazi. Yule beberu tuliyemwita Bwana Afya. Jogoo Sauti. Nilikuwa nawaona wamepanga foleni nje ya mlango wetu kama watu wanaongoja mchele, kimya, kila mmoja ameshika namba yake.

Kutoka siku ile nikaacha kula kitu cha mnyama. Sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba nikitaja tu, watasikia walioko nje, watajua niko ndani.

Maziwa nilikuwa namwaga. Samaki nilikuwa namficha chini ya wali, kisha kwenye kanga, kisha nampelekea paka. Kumshika Makonyo sikuweza kukataa, lakini nilikuwa nalegeza mikono ili aniponyoke, anarudi kwenye chuchu, na Mama anabaki na kibuyu kitupu ananigombeza: "Una nini weye? Umekuwa mlenda?" Usiku wa kulala, mwenzangu alikuwa kuku mmoja. Kishingo, mwenye shingo tupu isiyo na unyoya hata mmoja, mwekundu pale kama aliyechomwa na maji moto. Vibanda vya kuku vilikuwa vinaibiwa, kwa hivyo alikuwa analala uvunguni mwa kitanda changu. Nikimsikia anajitikisa kule chini, hofu inapungua. Niliwaza, walioko nje wakija, huyu atanishuhudia mimi si mbaya.

Mwezi haukupita, nikakonda. Na mwaka ule, mtoto kukataa samaki lilikuwa jambo la kutisha. Watoto wengine walikuwa wanalia wapate mchuzi, mimi nalia nisipewe. Ikaja hitima kwa jirani, nyama ikapakuliwa, kila mtu ana furaha. Shangazi Mkasi, dada yake Baba, mwanamke mwenye jicho lisilopitwa na kitu, akanishikilia tonge la nyama mdomoni. Nikaziba meno. Akasukuma. Nikatema mbele ya watu.

"Riziki," Shangazi alimwambia Mama tulipokuwa tunarudi, anadhani sisikii, "mwana huyu hajapandwa na kitu? Hizi si tabia za mtu. Hii ni miko. Kuna mtu mwengine mle ndani anayekataa, si Mize."

"Usinitie hofu, wifi."

"Nisikutie hofu? Tangu lini mwana wa Pemba akawa hali samaki? Mpeleke akatazamwe, kabla hajawa si wako tena."

Kwetu, mtu akiacha chakula ghafla, wazee walijua sababu moja tu. Kuna rubamba, pepo wa Pemba, amempanda, na kila pepo huja na miko yake. Hakuna aliyewaza kwamba mtoto anaweza kukataa kwa fikra zake mwenyewe. Hata mimi sikuliwaza hilo. Waliposema kuna mtu ndani yangu, niliamini, nikawa najiogopa na mimi. Nilikuwa natia kidole kinywani nimtafute.

Nilipelekwa kwa Mzee Faki baada ya alasiri. Mganga, mfupi, mwenye kikohozi, nyumba yake ina giza hata mchana. Nilifunikwa shuka juu ya chetezo, moshi wa ubani ukanijaa machoni.

"Jina lako nani?" aliniuliza.

"Mize."

"Sikuulizi wewe. Namuuliza aliyekupanda."

"Hapana mtu, Mzee."

"Mnamsikia?" akawaambia Mama na Shangazi. "Anajificha. Huyu mjanja." Akanisogelea. "Unataka nini? Sema unachotaka."

Nilikuwa nakosa pumzi, moshi umenikaba, nimetapakaa machozi. Nikasema kitu cha kweli kilichokuwa moyoni mwangu, labda nikakisema kwa sauti iliyokwama, isiyofanana na yangu: "Namtaka Makonyo."

Nilitaka kusema namtaka Makonyo anisamehe. Kikohozi kikanikata. Shuka likafunuliwa, nikaona nyuso zao.

"Makonyo ndiye nani?" akauliza Mzee Faki.

Mama alishika kifua. "Ndama wetu. Dume. Bado ananyonya."

"Basi," akasema Mzee Faki, taratibu, kama mtu aliyepata sindano yake iliyopotea. "Amekitaja anachotaka. Ijumaa ikishapita. Achinjwe, ipigwe ngoma, mwana anyweshwe damu moto moto, bakuli moja, asibakishe."

Mtu wa kwanza kwenye foleni ya wanaonidai, na mimi ndiye niliyemtaja.

Baba aliposikia alipandwa na hasira ambayo sikuwahi kumwona nayo. "Damu? Damu ni haramu, Mkasi! Na ndama wangu yule ndiyo gari langu!"

"Gari au mwana?" Shangazi akamjibu. "Chagua mmoja."

Baba akanitazama nilivyokonda, mifupa ya shingo imetoka, akatoka nje. Nilijua amechagua.

Siku zile nilijaribu kumwambia Mama. Wallahi nilijaribu. Nilimwambia, "Mama, mimi sina pepo, mimi naogopa tu." Akanikumbatia, akalia, akasema, "Najua, mwanangu, ndivyo anavyokufundisha useme." Kila nilichosema kilikuwa si mimi niliyekisema. Hii ndiyo hofu niliyoijua baadaye kuwa kubwa kuliko ile ya Kiyama. Upo, unazungumza, na mdomo wako umeshapewa mtu mwengine.

Asubuhi yenyewe Makonyo alifungwa kitambaa chekundu shingoni, akafungwa kwenye mgomba nyuma ya nyumba. Waridi alikuwa analia upande wa pili kwa kuwa hakunyonywa. Hakuna aliyekama siku hiyo. Wapiga ngoma walikuwa wanachoma ngozi za ngoma zao kwenye moto wa makumbi, na Mzee Faki ameketi kwenye mkeka anakohoa, kisu kimelala kando yake kwenye ukuti. Makonyo aliponiona alininyooshea masikio. Alidhani nimekuja kumwachia anyonye.

Nikaona njia moja tu.

Nilikwenda mpaka mbele ya Mama. "Nina njaa," nikamwambia. "Nataka kula kuku."

Shangazi akasema, "Anatudanganya. Ameona kisu." Lakini Mzee Faki akanyanyua mkono. "Muacheni. Kama ni Mize anayetaka, atakula. Kama ni yule mwengine, atatema, na hapo tutajua." Na Baba akaruka kama kijana: "Kuku yupi? Leteni kuku upesi!"

Kuku walikuwa wametimuliwa na ngoma, wamejificha vichakani. Aliyebaki ni mmoja. Alikuwa uvunguni mwa kitanda changu, kwa kuwa kelele zilimtisha, na huko ndiko alikokuwa anakimbilia kila akitishika. Baba aliinama akamkosa, akaingiza fimbo akamkosa. Akanambia, "Mwite wewe, Mize. Wewe anakusikia."

Nikapiga magoti. Nikamwita kwa ule mlio wa ulimi tunaoitia kuku. Kishingo akatoka gizani, polepole, shingo yake nyekundu mbele, akaja mpaka kwenye kiganja changu akatazama kama kuna punje.

Mama alimpika kwa nazi. Niliketishwa katikati ya mkeka, watu wamenizunguka, Shangazi ameinama karibu na mdomo wangu aone kama nameza. Nilikula paja. Nikala kifua. Kila tonge lilipofika kooni lilikuwa linataka kurudi, nami nilikuwa natazama kule nyuma ya nyumba, kile kitambaa chekundu, nakisukuma chakula chini kwa macho yangu. Sikutema. Nikameza mpaka Shangazi mwenyewe akasema, "Mtume! Amekula." Mama akaanza kulia na kucheka. Na ile shingo tupu, Mzee Faki aliinyonya yeye, mfupa kwa mfupa, akajifuta mikono akasema, "Ameridhia. Mfungueni ndama."

Baba alikata kamba yeye mwenyewe. Makonyo akaenda mbio kwa mama yake, akajipiga kichwa kwenye kiwele, na maziwa yakamwagika mpaka chini, hakuna wa kumzuia.

Baada ya pale nikawa nakula kila kitu. Nilijua nikiacha, watarudi. Mama hakunipa tena kazi ya kushika ndama. Waridi alipozaa tena, kazi ile alipewa mwana wa jirani. Makonyo alikua, akatogwa pua. Nilisikia ukulele wake nikiwa chuoni. Akafungwa gari, akabeba magunia ya karafuu na mawe ya kujengea, na ukimwona anapanda ile njia mbaya ya kwetu, bakora iko mgongoni. Lakini aliishi. Alizeeka. Tukikutana njiani alikuwa anasimama, gari na mzigo wake, ananipumulia mikononi, na Baba anapiga kelele juu: "Hebu mwache, Mize, tutachelewa!" Nilikuwa najiuliza, nimemwokoa, au nimemwokolea bakora? Hata leo sijajijibu.

Basi siku ile ya Idd nilimwambia Zuhura: "Mwanao hana kitu. Wala hutompeleka popote, maadamu mimi ni hai. Mpikie muhogo wa nazi na kisamvu, tia chumvi ya kutosha." Akanitazama, akaenda. Nilikwenda ukumbini, nikawaambia vijana wanyamaze, nikakaa karibu na Salha kwenye mkeka.

"Bibi, wewe hunicheki?" akaniuliza.

"Sikucheki."

"Unadhani nina wazimu?"

"Nadhani una bahati. Umesema, na ukasikika kuwa ni wewe unayesema."

Hakunielewa, nikamhadithia, kama nilivyokuhadithieni nyinyi. Alilia kidogo kwa ajili ya Makonyo. Kisha akanishika mkono akasema, "Kwa hivyo ndiyo maana huli kuku, Bibi." Watu wote wa nyumba hii wanajua sili kuku. Wanadhani tumbo langu halipatani naye. Mume wangu marehemu Bakari alizikwa akidhani hivyo. Samaki nimekula, pweza nimekula, ng'ombe nimekula maisha yangu yote, nimelea watoto kwa nyama na maziwa, sikuwa na nafasi ya kufikiri kama Salha. Kuku tu.

Sasa siku zangu zinakaribia, si siri, na ile hofu ya utotoni imenirudia, imekaa nami kitandani. Makonyo simwogopi. Atakuja na pua yake iliyotogwa, na tutazungumza, tunajuana. Wale wa Tumbe wenye midomo wazi, Mungu atanisaidia. Ninayemngoja ni mmoja, mfupi, mwenye shingo tupu, atakayepenya katikati ya miguu ya ng'ombe na ngamia waliofufuliwa, aje moja kwa moja kwangu bila kuuliza njia. Siku ile nilimwita mimi, akaja. Safari hii ataita yeye, nami nitakwenda.